Ugonjwa Usiokuwa Wetu: Historia ya Saratani ya Utumbo Mpana Afrika Mashariki, kutoka Mulago hadi Alama za DNA

Utangulizi

Mwaka niliomaliza sekondari, baba yangu mdogo alianza kuona damu kila alipokwenda choo kikubwa. Hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini si rahisi kwa mtu mzima wa miaka 41, mwenye mke na watoto, kuketi mbele ya mtu asiyemjua na kueleza habari za choo chake. Alipojikaza kwenda kwenye kituo kimoja cha afya, aliambiwa ana amiba, akapewa vidonge. Miezi miwili baadaye aliambiwa ni bawasiri. Alipouliza kama yawezekana ni kansa, alijibiwa kwa upole kabisa: "Wewe bado kijana, ndugu yangu. Kansa ya utumbo ni ya wazee, tena ya Wazungu." Ulipita karibu mwaka mzima kabla hajaingiziwa kamera ya kuchunguza utumbo katika hospitali ya rufaa. Kufikia siku hiyo uvimbe ulikuwa umekwisha kusambaa hadi kwenye ini.

Sikuandika insha hii ili kumlaumu mhudumu yule. Naamini alisema alichofundishwa, na aliyemfundisha naye alifundishwa na mwingine. Mimi ni mwanafunzi wa historia na Kiswahili, si wa udaktari, kwa hiyo swali lililonibakia ni la kihistoria: sentensi ile ilitoka wapi? Nani aliisema kwanza, kwa ushahidi gani, na ilikuwaje ikadumu hadi ikamfikia baba mdogo hapa Kigali, miaka mingi baada ya ushahidi wenyewe kukusanywa?

Insha hii inajadili historia ya wazo kwamba saratani ya utumbo mpana si ugonjwa wa Waafrika. Hoja yangu ni kwamba wazo hilo lilianza kama hesabu ya kweli iliyofanywa Uganda, na kwamba watu walioifanya hesabu hiyo hawakusema kile ambacho baadaye walisingiziwa kukisema. Wao walizungumzia mazingira na chakula. Sisi tulisikia damu na rangi. Kisha nitaonyesha jinsi utafiti wa alama za kikemia zinazobandikwa juu ya DNA, yaani methilesheni, unavyoturudisha kwenye swali lile lile la mazingira, na kwa nini swali hilo lina uzito wa pekee kwa msomaji aliyeko Rwanda.

Mulago: mahali hesabu ilipoanza

Huwezi kusema ugonjwa ni adimu kama hujauhesabu. Katika ukanda wetu, hesabu ya saratani ilianza mapema Kampala kuliko mahali pengi barani. Mwaka 1951, wanapatholojia wa Makerere na Hospitali ya Mulago walianzisha Sajili ya Saratani ya Kampala, iliyokusanya habari za wagonjwa wa kaunti ya Kyadondo, yaani jiji la Kampala na maeneo yanayolizunguka. Ni miongoni mwa sajili kongwe zaidi za saratani barani Afrika. Saratani fulani zilionekana mara nyingi, nyingine zikawa nadra. Ile ya utumbo mpana na puru, iliyokuwa ikiua watu wengi Ulaya na Marekani, ilikuwa miongoni mwa zile nadra.

Katika Mulago hiyo hiyo alifanya kazi daktari Hugh Trowell, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kukaa miaka thelathini. Wengi humkumbuka kwa utafiti wake wa kwashiakoo. Lakini mwaka 1960, baada ya kurudi Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika, na ndani yake alitaja magonjwa kadhaa ambayo yeye na wenzake hawakuyaona sana kwa wagonjwa wao Waafrika ilhali yalijaa hospitali za kwao. Kwa maneno mengine, Trowell aliorodhesha magonjwa yasiyokuwepo. Ni kazi isiyo ya kawaida kwa daktari, kwani kwa desturi daktari huandika anachokiona.

Mtu wa pili, na ndiye mashuhuri zaidi, ni Denis Burkitt. Alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja utotoni, akawa daktari wa upasuaji. Alifika Uganda mwaka 1946, akapangiwa kwanza Lira, kisha Mulago. Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu uvimbe wa mataya uliokuwa ukiua watoto, ugonjwa ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961, pamoja na wenzake wawili, alisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 16,000 kusini mwa Kampala, akipita hospitali moja baada ya nyingine na kuwauliza madaktari swali lile lile: mnauona uvimbe huu hapa? Majibu aliyaweka kwenye ramani. Ikaonekana kwamba uvimbe ulifuata joto na mvua, na kwamba katika nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 hivi, ulikuwa nadra. Hapo ndipo alipojifunza kanuni iliyomwongoza maisha yake yote: ukitaka kujua chanzo cha ugonjwa, tazama kwanza ulipo na usipokuwepo.

Nyuzinyuzi na hoja ya Burkitt

Burkitt aliondoka Uganda katikati ya miaka ya 1960, lakini hakuiacha mbinu yake. Akiwa London alikutana na maandishi ya Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini la Uingereza aliyedai kwamba sukari na unga mweupe ndivyo chanzo cha magonjwa mengi ya nchi tajiri. Burkitt aliyapima madai hayo kwa alichokiona Uganda. Alikuwa na mtandao wa hospitali za misheni barani Afrika zilizomjazia fomu na kumrudishia, akawauliza kuhusu saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na magonjwa mengine ya utumbo. Mwaka 1971 alichapisha makala kuhusu saratani ya utumbo mpana na puru, akieleza kwamba ugonjwa huu unafuata maisha ya nchi za viwanda, na kwamba tofauti kubwa iko katika nyuzinyuzi za chakula, yaani ile sehemu ya nafaka, maharage, mboga na mizizi ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya.

Mwaka uliofuata, yeye na wenzake, akiwemo Alec Walker wa Afrika Kusini, walichapisha vipimo ambavyo vilichekesha baadhi ya watu na kuwashangaza wengine. Walipima uzito wa choo na muda ambao chakula hukaa tumboni. Wanakijiji wa Uganda walitoa karibu gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita ndani ya takriban saa 36. Wanamaji wa Uingereza walitoa kama gramu 100, na chakula kilikaa zaidi ya saa 80. Maelezo ya Burkitt yalikuwa rahisi: choo kingi na chepesi kinapita upesi, hivyo sumu yoyote iliyomo inapunguzwa nguvu na haipati muda wa kuudhuru ukuta wa utumbo. Mwaka 1975 yeye na Trowell walihariri pamoja kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na magonjwa yanayoambatana navyo.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha insha hii kilipo. Burkitt hakusema kwamba Mwafrika amezaliwa na kinga. Alisema kinyume chake. Alitoa mfano wa Wamarekani weusi, ambao mababu zao walitoka bara hili lakini ambao, kwa kuishi na kula kama Wamarekani wengine, walikuwa wakiugua saratani hii kwa kiwango kinachokaribia cha Wamarekani weupe. Kama kinga ingekuwa katika damu, wangevuka nayo bahari. Kwa hiyo hoja yake ilikuwa na onyo ndani yake: chakula kikibadilika, ugonjwa utakuja.

Kilichosomwa vibaya

Ilikuwaje basi onyo likageuka kuwa faraja? Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni udhaifu wa hesabu zenyewe, ambao si rahisi kuuona kwa mbali. Fomu za hospitali za misheni zilieleza wagonjwa waliofika hospitali, si wote waliougua. Mtu aliyefia nyumbani kwa "ugonjwa wa tumbo" hakuingia kwenye fomu. Vyombo vya kuchungulia utumbo vilikuwa vichache mno. Tena idadi ya watu wetu ilikuwa ya vijana, nayo saratani hii huongezeka na umri. Nchi yenye wazee wachache itakuwa na wagonjwa wachache hata kama hatari ya kila mzee ni ile ile. Ni kweli kwamba sajili ya Kampala, iliyojua idadi ya watu wa eneo lake, nayo ilionyesha viwango vya chini. Uadimu haukuwa ndoto. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ulikuwa wa kiasi gani.

Sababu ya pili ni kwamba hesabu ilikatika. Miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin na vurugu zilizofuata, sajili ya Kampala ilidhoofika sana. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilibaki mikononi mwa madaktari wachache wa Uganda wakiongozwa na Charles Olweny, waliofanya kazi katika mazingira magumu. Ile miaka ambayo miji yetu ilikuwa inaanza kula mkate mweupe na mafuta mengi ndiyo miaka ambayo daftari lilikuwa halijazwi vizuri. Basi vitabu vikaendelea kunakili takwimu za miaka ya 1960 kana kwamba wakati ulisimama.

Sababu ya tatu ni ya lugha, nayo ndiyo inayonigusa zaidi kama mwanafunzi wa lugha. Sentensi "ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika wanaokula vyakula vya jadi" ni ndefu. Ikipita midomo mitatu inakuwa "ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika". Ikipita mingine mitatu inakuwa "Waafrika hawaugui ugonjwa huu". Sharti lililokuwa mwishoni mwa sentensi ndilo lililokuwa na maana yote, na ndilo lililodondoka njiani.

Ni haki kuongeza kwamba hata nadharia ya nyuzinyuzi yenyewe haikupita bila kupingwa. Mwaka 1999 utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani haukuona kwamba nyuzinyuzi zinawakinga. Mwaka 2000 majaribio mawili ya kuwapa watu chakula chenye nyuzinyuzi nyingi hayakuzuia kurudi kwa polipu, yaani vinyama vidogo ndani ya utumbo vinavyoweza kugeuka saratani. Kisha mwaka 2003 utafiti wa nchi kumi za Ulaya, uliofuatilia zaidi ya watu nusu milioni, ukaona kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi huugua kidogo zaidi. Burkitt, aliyefariki mwaka 1993, hakuishi kuona mabishano hayo yakifika huko. Alikuwa ameona uhusiano. Alichokosa ni njia ya kueleza jinsi chakula kinavyoingia hadi ndani ya seli na kuiharibu.

Alama juu ya DNA

Njia mojawapo ilikuwa inafunguliwa mahali pengine kabisa. Mwaka 1983, Andrew Feinberg na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani walichukua saratani za binadamu, nyingi zikiwa za utumbo mpana, wakazilinganisha na nyama nzima ya wagonjwa wale wale. Hawakutafuta makosa katika herufi za DNA. Walitafuta kitu kilicho juu ya herufi.

Tuliosoma habari za miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu tunaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Herufi zile zile, zikiwekewa irabu tofauti juu au chini, husomwa kwa namna tofauti. Zisipowekewa kabisa, msomaji hubaki akikisia. DNA nayo ina herufi zake nne. Juu ya mojawapo, sitosini, seli inaweza kubandika kikundi kidogo cha kikemia kinachoitwa methili. Herufi haibadiliki, lakini usomaji hubadilika. Mara nyingi alama hizo zikijaa mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo hunyamaza. Ndiyo maana seli ya jicho na seli ya utumbo, ingawa zina DNA moja, hufanya kazi tofauti: kila moja imeambiwa isome kurasa zipi na ifunge zipi.

Feinberg na Vogelstein waligundua kwamba katika jeni walizozichunguza, seli za saratani zilikuwa zimepoteza alama nyingi. Baadaye watafiti wengine waliona upande wa pili: wakati alama zinapungua kwa jumla, katika sehemu maalumu zinarundikana kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilithibitika kwamba katika baadhi ya saratani za utumbo mpana, jeni iitwayo MLH1 hunyamazishwa kwa njia hii. Kazi ya jeni hiyo ni kusaidia kusahihisha makosa yanayotokea DNA inaponakiliwa. Ikinyamaza, makosa hujilimbikiza kama katika kitabu kilichochapwa bila mhariri. Karibu saratani 15 katika kila 100 za utumbo mpana zina kasoro ya usahihishaji huo, na nyingi kati ya hizo zimetokana na methilesheni ya MLH1, si kurithi jeni mbovu. Mwaka 1999 Minoru Toyota, Jean-Pierre Issa na wenzao walieleza kundi zima la saratani za utumbo mpana ambamo jeni nyingi zimerundikiwa alama kwa pamoja.

Kwa nini haya yamhusu msomaji wa historia? Kwa sababu alama za methili hubadilika maishani. Huongezeka na kupungua kwa umri, na huathiriwa na mambo kama uvutaji wa sigara na uvimbe wa muda mrefu ndani ya utumbo. Tena vikundi vya methili vinavyobandikwa hutokana kwa sehemu na chakula, hasa foleti iliyomo katika maharage na mboga za majani. Nyuzinyuzi nazo zimepata maelezo ambayo Burkitt hakuwa nayo: bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa kemikali iitwayo butireti, ambayo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo na ambayo hugusa mfumo unaoamua jeni zipi zifunguliwe.

Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walifanya jaribio ambalo naliona kama jibu la kuchelewa kwa fomu za Burkitt. Waliwachukua Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini, wakawabadilishia chakula kwa wiki mbili: Wamarekani wakala kwa mtindo wa kijiji, wenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, na wanakijiji wakala kwa mtindo wa Marekani. Katika muda huo mfupi butireti iliongezeka sana kwa Wamarekani na kupungua kwa wanakijiji, na dalili za hatari katika ukuta wa utumbo zikabadilishana pande. Jaribio halikupima saratani yenyewe, maana wiki mbili hazitoshi. Lakini lilionyesha kwamba sharti lile lililodondoka kwenye sentensi lilikuwa na nguvu kuliko asili ya mtu.

Rwanda: daftari lililokatika

Rwanda nayo ina historia yake ya kuhesabu. Mwezi Mei 1991 ilianzishwa sajili ya saratani ya wakazi wa mkoa wa Butare, kusini mwa nchi. Ilifanya kazi kwa miaka isiyofika mitatu. Mwaka 1994 yakatokea Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, na kazi hiyo ikakoma pamoja na mengine mengi. Kilichokuwa kimekusanywa kilichapishwa mwaka 1996. Mwanahistoria anayetaka kujua Wanyarwanda waliuguaje saratani katika karne ya 20 ana dirisha hilo dogo tu, na upande wa pili wa dirisha ni giza ambalo sababu yake tunaijua sote.

Baada ya hapo nchi ilianza upya. Mwaka 2011 Rwanda ilizindua chanjo ya kitaifa dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ikawa ya kwanza Afrika kufanya hivyo kwa nchi nzima. Mwezi Julai 2012 kituo cha saratani kilifunguliwa katika Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health. Tiba ya mionzi ilichukua muda zaidi. Mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, ambayo ilihudumia pia wagonjwa kutoka nchi jirani, iliharibika mwaka 2016. Mwaka 2019 tiba hiyo ilianza kutolewa hapa Kigali, katika Hospitali ya Jeshi iliyoko Kanombe.

Kila hatua kati ya hizo ilileta pia wagonjwa ambao zamani wasingeandikwa popote. Ndiyo sababu lazima tuwe waangalifu tunaposema saratani ya utumbo mpana "imeongezeka". Sehemu ya ongezeko ni ugonjwa, na sehemu ni mwanga. Duniani kote sasa inakadiriwa kuwa watu zaidi ya milioni 1.9 hugundulika nayo kila mwaka na zaidi ya 900,000 hufa. Wetu wamo katika hesabu hiyo.

Kigali na methilesheni

Msomaji anaweza kudhani kwamba methilesheni ni sayansi ya mbali, ya Baltimore na Tokyo. Sivyo. Imekwisha fika hapa kwa mlango mwingine, na mlango huo ni historia yetu. Mwaka 2014 Nader Perroud na wenzake, wakiwemo watafiti wa Rwanda, walichapisha utafiti kuhusu kina mama waliokuwa wajawazito wakati wa Mauaji ya Kimbari, pamoja na watoto waliowazaa. Waliwalinganisha na kina mama wengine waliokuwa wajawazito kipindi kile kile lakini hawakuwa Rwanda kuyapitia. Waliona tofauti za methilesheni katika jeni inayohusika na jinsi mwili unavyopokea homoni ya msongo. Baadaye Leon Mutesa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rwanda waliendeleza uchunguzi huo kwa kuangalia DNA nzima. Makundi yalikuwa madogo na watafiti wenyewe wanasema kwa uangalifu. Hata hivyo jambo moja ni dhahiri: damu ya Wanyarwanda imesomwa kwa kifaa kile kile kinachosomea saratani ya utumbo, na watu wa kuisoma wapo hapa hapa.

Nalisema hili kwa sababu ya upungufu ninaouona. Alama za methili zimeshageuzwa kuwa vipimo vya kugundua saratani ya utumbo mpana mapema. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha kipimo cha choo kinachotafuta, pamoja na mambo mengine, jeni mbili zilizorundikiwa methili. Mwaka 2016 iliidhinisha kipimo cha damu kinachotafuta alama hizo kwenye jeni ya SEPT9. Utafiti wake mkubwa ulifanyika Marekani na Ujerumani. Nadharia ya chakula ilijengwa kwa choo cha wanakijiji wa Uganda kilichopimwa kwenye mizani. Vipimo vilivyokuja miaka zaidi ya arobaini baadaye vikajengwa kwa miili ya watu wengine, kwa bei ambayo mwenye mituweli hawezi kuiota. Kama alama hizi huandikwa na mazingira, basi hatuwezi kudhani kwamba za mkulima wa Burera anayekula maharage na viazi vitamu kila siku zinafanana na za mkazi wa Leipzig. Wala hatuwezi kudhani kwamba zinafanana na za binamu yake anayeishi Kigali na kula mkate mweupe, chipsi na mishikaki. Hilo linahitaji kupimwa, na wa kulipima ni sisi.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kauli "saratani ya utumbo ni ya Wazungu" haikuwa uongo uliotungwa. Ilikuwa hesabu ya wakati fulani, ya watu fulani, waliokula chakula fulani, ambayo iling'olewa katika wakati wake ikapandwa katika damu. Waliohesabu mwanzoni walionya, sisi tulifarijika. Utafiti wa methilesheni hauthibitishi kila alichosema Burkitt, lakini unatufundisha kwamba mwili huandikiwa maelezo mapya kadiri tunavyoishi, kwa hiyo hakuna taifa lililohakikishiwa kubaki kama lilivyokuwa mwaka 1960.

Napendekeza mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu wanafunzi. Kwanza, wanaosoma udaktari na wanaosoma historia wakae meza moja, ili takwimu inapofundishwa darasani ifundishwe pamoja na tarehe yake. Pili, sisi wa Kiswahili tusaidie kutafuta lugha ya staha na ya wazi ya kuzungumzia choo na damu, ili mtu asinyamaze miezi sita kwa kukosa maneno. Anayeona damu chooni, awe na miaka 30 au 70, aombe kuchunguzwa, na akiambiwa ni bawasiri aulize imejulikanaje.

Baba mdogo alifariki miezi saba baada ya kugunduliwa. Katika siku zake za mwisho alimwuliza daktari wake kama wapo Wanyarwanda wengine wenye ugonjwa huu, kwa maana alikuwa bado anadhani yuko peke yake. Daktari alifungua daftari lililokuwa mezani akamwonyesha ukurasa wa mwezi ule. Majina aliyafunika kwa kiganja, lakini umri na kijiji cha kila mmoja vilionekana. Baba mdogo alisoma safu ile hadi chini, kisha akauliza kama na yeye ameandikwa. Aliambiwa ndiyo, ameandikwa.